Gari Jeupe la Jumanne

Kijiwe chenyewe ni benchi mbili zilizoegemezwa ukuta wa duka la vipuri, katikati pana jiko la mkaa na birika lenye mdomo uliopinda. Mwenye jiko ni Mama Birika, ambaye humimina kahawa bila kutazama kikombe na husikiliza bila kuonekana anasikiliza. Kuanzia saa tisa alasiri wenye benchi hujikusanya mmoja mmoja, kila mtu mahali pake, na mgeni akikaa pasipo pake huambiwa kwa upole kwamba hapo pana msumari. Mtu akitaka kujua jambo lilivyotokea, hapo si mahali pa kwenda. Akitaka kujua lingeweza kutokea vibaya kiasi gani, basi anunue kikombe na akae.

Jumatano hiyo hapakuwa na mazungumzo mengine. Sheria mpya ilikuwa imeanza Jumatatu. Zamani dereva akimkimbia trafiki alitozwa faini, akanung'unika, akalipa, yakaisha. Sasa ni jela, hadi miaka mitano, na leseni ndiyo kwaheri, haipati tena mpaka anaingia kaburini. Watu walikuwa hawajamaliza hata kuizoea, Jumanne asubuhi gari dogo jeupe likapita pale penye mzunguko, trafiki akalisimamisha, lisisimame. Trafiki akaruka pembeni, kofia ikamtoka. Gari likakata kushoto, likapotea.

Hayo ndiyo yaliyojulikana. Mengine yote yalitengenezwa pale pale benchini.

Mwalimu Taratibu alikuwa kwenye ncha ya benchi, kikombe mikononi, na moyo wake haukuwa na taratibu yoyote. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kwa miaka kumi na tisa amefundisha watu kuendesha gari katika chuo cha udereva, na neno hilo hulisema mara mia kwa siku. Alikuwa akijua habari ya gari jeupe kuliko kijiwe kizima, kwa sababu alikuwa ndani yake.

Alikuwa amelala.

Aliyeshika usukani alikuwa mwanafunzi wake, mama mmoja mshonaji wa kiwandani, ambaye kiwanda kimemwahidi kazi ya kuendesha basi dogo la wafanyakazi akipata leseni. Mtihani wake ulikuwa Ijumaa. Mwalimu hakuwahi kupata mwanafunzi mtulivu kama yule, na utulivu wake ndio uliomponza, maana siku hizi za mwisho alikuwa akiegemea kiti, akivuka mzunguko mmoja tu tayari macho yamefumba. Kibao cha mwanafunzi, kile kinachowekwa juu ya paa, kilikuwa kwa mchoraji wa mabango kikirudishiwa rangi. Kwa hiyo lilikuwa gari jeupe tu, kama mengine mengi.

Sasa, Mwalimu ana sheria yake ya siku ya kwanza, na kila aliyepita mikononi mwake anaikumbuka. Humu ndani sauti ni moja, husema. Nikisema simama, simama hata barabara iwe tupu. Nisiposema, usisimame, hata akupungie mkono baba yako mzazi. Alikuwa na sababu yake nzuri: wanafunzi wengi hukanyaga breki kila wanapoona mkono umeinuka, na hugongwa kwa nyuma. Basi Jumanne trafiki alipoinua mkono, yule mama aliita "mwalimu" mara moja, kwa sauti ya chini, akangoja sauti. Sauti haikuja. Akapita.

Kilichomwamsha Mwalimu ni filimbi. Magari ya mafunzo yana breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na mguu wake ulikwisha kuwa juu ya breki yake. Akatazama kioo chake, akamwona trafiki anaokota kofia. Akaona kibali chake cha kufundisha kikichanwa, kwa kuwa mwalimu anayelala kazini hana utetezi. Akakumbuka sheria ya Jumatatu. Mambo yote hayo yalichukua muda wa kupepesa jicho. Kisha akaondoa mguu.

"Kata kushoto," alisema. "Anasimamisha gari la nyuma. Wewe tazama mbele."

Na mwanafunzi wake akakata kushoto, taa ya kuashiria akiwa amewasha, kama alivyofundishwa.

Jumatano Mwalimu alikuja kijiweni kwa sababu asingekuja wangeuliza.

Aliyekuwa na zamu ya kunena ni Redio, kinyozi, mtu asiyezimika. Mteja wake mmoja, aliyeambiwa na shemeji yake, alisema gari lile lilikuwa kwenye mia na arobaini.

— Mia na arobaini pale kwenye mzunguko? aliuliza Spana, ambaye ni fundi magari na hupenda kuharibu hadithi za wenzake ili apate nafasi ya kuweka yake. Na tuta?

— Tuta hakuligusa. Alilipitia juu.

— Gari dogo jeupe?

— Dogo, jeupe.

Spana akaweka kikombe chini. Alisema gari dogo halina nguvu hizo, na kama lilikuwa nazo basi injini yake si ya kwake. Kuna mtu ametia injini kubwa ndani ya bodi ndogo. Kazi hiyo mjini hapa wanaiweza mafundi wawili tu, na mmoja amekwisha kufa.

— Na wa pili?

— Wa pili mimi. Na mimi sijaifanya.

Watu wakamtazama. Spana akaona amejipeleka mwenyewe mahali pabaya, akakohoa, akasema huenda wako watatu.

Mwalimu alikuwa kwenye kilomita thelathini. Alikumbuka kabisa, kwa sababu mshale aliutazama baada ya kuamka. Aliendelea kunywa kahawa, na ingawa ilimwia aibu, aliona nafuu kidogo. Kila walipozidi kukosea, yeye alizidi kuwa salama.

Mzee Kifungu akajisogeza. Huyu alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, na hakuna jambo asilolitafutia kifungu chake. Alitoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na kijiwe kikajua kwamba sasa linakuja kubwa.

— Hebu niambieni, alisema. Sheria imeanza Jumatatu. Mtu wa kwanza kuivunja kapatikana Jumanne. Nyie mnaona kawaida?

— Bahati mbaya yake, alisema Spana.

— Sheria haina bahati. Gari lile limetumwa.

— Na nani?

— Na wao wenyewe. Watu walikuwa wanalalamika kwamba miaka mitano ni mingi. Sasa kesho mtasikia, mnaona, kumbe wakimbiaji wapo, sheria ilihitajika.

Spana alitaka kujua kama mzee anamaanisha polisi walijikimbia wenyewe. Mzee akasema ndiyo, na kwamba katika miaka yake ya mahakamani ameona makubwa zaidi ya hayo, ila hawezi kuyataja kwa sababu alikula kiapo. Redio akalidaka pale pale. Kama dereva alikuwa mtu wao, alisema, basi na yule trafiki naye hakuwa trafiki. Nani amewahi kuona kofia ya trafiki wa kweli inadondoka? Wale wana namna yao ya kuivaa. Yule, kofia haikuwa kipimo chake, na kwa nini haikuwa kipimo chake? Kwa sababu aliazimwa.

— Kwa hiyo gari la uongo na trafiki wa uongo, alisema Spana.

— Hapo ndipo unapoanza kufikiri. Wote wawili wanaigiza barabarani ili watu watazame huko. Na ng'ambo ya barabara pana nini?

Wakafikiri. Ng'ambo ya barabara pana duka la rangi na ghala la magodoro.

— Ghala, alisema Redio, na akawatazama mmoja mmoja. Mtu halindi magodoro kwa mbwa wawili bure.

Hapo pangeweza kuishia, na Mwalimu angekwenda zake nyumbani akalala angalau nusu ya usiku. Lakini Mama Birika, aliyekuwa akipuliza mkaa, akasema bila kuinua kichwa kwamba Mikate naye ana siku mbili hajaonekana.

Mikate ni dereva wa kigari cha kiwanda cha mikate. Mahali pake ni kati ya Redio na Mzee Kifungu, na hapo palikuwa wazi tangu jana. Kigari chake ni cheupe. Na Jumanne, Spana alikumbuka sasa, kila Jumanne hupeleka mikate maduka ya upande ule wa mzunguko.

— Jino linamsumbua, alisema Mama Birika. Mkewe ndiye aliyeniambia.

— Siku mbili, jino?

— Lina mizizi.

— Mimi niling'olewa mawili asubuhi, alasiri nikanyoa vichwa vinane, alisema Redio. Mtu akisingizia jino ujue anaficha mdomo.

Ikawa basi. Ghala la magodoro likasahaulika, injini kubwa ikasahaulika, hata wale polisi wa kuigiza wakarudishwa kazini kwao. Mikate, waliyecheka naye Jumatatu, alianza kuonekana tofauti. Spana akakumbuka kwamba jamaa huzima gari taratibu mno, kama mtu asiyetaka lisikike. Mzee Kifungu akakumbuka kwamba sheria ilipotajwa mara ya kwanza, Mikate aliuliza kama inahusu na magari ya kazi. Mtu asiye na lake angeulizia nini?

Redio alikuwa amekwisha kutoa simu. Askari mmoja wa kituoni hunyolewa kwake, na namba yake anayo. Alisema hatamtaja mtu kwa ubaya, atatoa tu fununu: kigari cheupe cha mikate, dereva hajaonekana siku mbili. Wao wenyewe watachunguza.

— Cha Mikate ni kirefu nyuma, alisema Mwalimu Taratibu.

Ilimtoka tu. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema tangu akae, na wote wakageuka.

— Ulikiona? aliuliza Redio.

— Kigari nakifahamu. Wamesema gari dogo.

— Mbona unamtetea?

— Simtetei mtu. Nasema umbo.

Mzee Kifungu akamtazama kupitia juu ya miwani, namna aliyokuwa akiwatazama mashahidi.

— Na gari lako leo liko wapi, Mwalimu? Kila siku unaliegesha hapa mbele, mpaka tunavuta moshi wake.

— Nimeliacha nyuma kule. Kivulini.

— Kivuli gani? Mawingu tangu asubuhi.

Mwalimu akashusha kikombe gotini, kahawa ikamwagikia suruali. Alikwisha kufungua mdomo, na hata yeye hakujua lingetoka neno gani, pale Spana alipopasuka kwa kicheko. Alisema jamani tuogope Mungu, gari la mafunzo limkimbie polisi? Lile lenye breki mbili, ambalo mimi mwenyewe huliponya kila mwezi kwa gundi na maombi? Lile hata kuku hulipita, na akilipita hugeuka kuliambia pole. Benchi zikatikisika. Mzee Kifungu akalazimika kuvua miwani na kufuta macho. Mwalimu akacheka nao, akacheka kwa sauti kuliko wote, na alijichukia wakati akicheka.

Kicheko kilipopoa Redio akarudi kwenye simu yake. Mwalimu alimtazama akiandika. Alijiambia kwamba Mikate ana jino, na jino lina daktari, na daktari ataandika cheti. Watamweka siku moja, watamhoji, watamwachia. Nani amewahi kufungwa kwa kigari ambacho hakikuwapo? Aliijua sauti ile iliyokuwa ikimwambia hivyo. Ni ile ile iliyomwambia aondoe mguu.

Kidole cha Redio kikabonyeza.

— Imekwenda, alisema, akaomba kikombe kingine.

Ndipo yule mama mshonaji alipotokea kwenye kona ya duka la vipuri. Alikuwa amevaa koti la kazini, uzi umemng'ang'ania begani, na mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara mbili. Alikuwa hajawahi kufika pale. Akasimama mbali kidogo, kama mtu mwenye adabu anavyosimama penye wanaume waliokaa.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mama, walijibu. Mwalimu jibu lake halikusikika.

— Samahani mwalimu, kukufuata huku. Nimekwenda chuoni wakaniambia alasiri unapatikana hapa. Natoka kituoni.

Akaeleza, bila haraka. Duka la rangi lina kamera, na kamera ilikuwa imechukua namba ya gari. Namba imewapeleka polisi kwenye chuo cha udereva, mwenye chuo akafungua daftari la masomo, na saa nne Jumanne daftari lina jina lake yeye. Wamemwita, wamemwambia gari lile lilikataa kusimama, na kwamba sheria inamtafuta aliyeshika usukani. Miaka mitano wamemtajia. Mtihani wa Ijumaa wamesema asiuwaze kwanza.

Hakuna aliyekunywa. Spana alikuwa akimtazama Mwalimu, kisha akayatoa macho haraka, kama aliyefungua mlango wa chumba cha mtu.

— Mimi sikuogopa, aliendelea yule mama. Nimewaambia ukweli. Nimewaambia mkono niliuona, na mwalimu wangu akaniambia si wetu, ni wa gari la nyuma. Wakasema sawa, basi andika hapo lilikuwa gari gani. Sasa mimi sikulitazama. Wamenipa karatasi niirudishe kabla ya saa kumi na moja.

Akaikunjua karatasi, akatoa kalamu mfukoni mwa koti.

— Wanataka rangi tu na aina. Lilikuwa gari gani, mwalimu?

Kijiwe kile kilikuwa kimejibu kila kitu tangu saa tisa. Kilikuwa kimejibu injini, kikajibu serikali, kikajibu magodoro. Sasa kila mtu alitazama jiko. Mzee Kifungu alianza "kwa kawaida," akakoma.

Redio ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikuwa na jibu lake tayari, tena limekwisha kutumwa.

— Hakikuwa cheupe, mama? Kigari cha mikate, kirefu nyuma?

Uso wa yule mama ukafunguka kwa matumaini. Akaweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, akamtazama Mwalimu.

— Lilikuwa la mikate, mwalimu?

Lilikuwa neno moja tu. Mwalimu aliliona pale lilipo, rahisi, limeandaliwa na watu wengine, yeye kulichukua tu. Mwanafunzi wake angefanya mtihani Ijumaa. Yeye angebaki na kibali chake. Benchi nzima ingesema tulijua. Na Mikate, huko aliko na shavu lake limevimba, angeshangaa mlango ukigongwa.

— Hapakuwa na gari, alisema Mwalimu.

— Nyuma yetu?

— Nyuma yetu palikuwa patupu. Alikuwa anatusimamisha sisi. Mimi nilikuwa nimelala, nikaamka, nikamwona, nikaogopa. Nilikudanganya.

Yule mama hakupiga kelele. Alibaki na kalamu palepale, na ilionekana maneno yanamwingia moja moja.

Kwenye benchi Redio alimwinamia Spana na kusema kwa sauti ya chini, ambayo wote waliisikia, kwamba hapo pana jambo, mtu hajitwishi miaka mitano hivihivi, lazima Mikate amemtisha. Spana akamwambia anyamaze. Ni mara ya kwanza mtu kumwambia hivyo Redio akanyamaza.

— Kioo nilikuwa nacho, mwalimu, alisema yule mama mwishowe. Kilikuwa hapa mbele ya macho yangu. Sikukitazama kwa sababu ulisema tazama mbele.

Mwalimu akanyoosha mkono, akaomba karatasi. Aliiweka gotini, juu ya sehemu iliyolowa kahawa, akaandika kwamba mwanafunzi alitii amri yake, na kwamba amri ilikuwa ya kukimbia. Aliandika jina lake na la baba yake. Mzee Kifungu alitaka kumkumbusha kwamba ana haki ya kunyamaza, kifungu anakijua, lakini alipoona mkono ule unavyoandika akaona aibu kukitaja. Mwalimu alipomaliza alimwambia Redio atume ujumbe mwingine kituoni, wa kumtoa Mikate lawamani. Redio akachukua simu bila ubishi.

— Saa kumi na nusu hii, alisema Mwalimu akisimama. Twende tukawahi. Siwezi kuendesha, mikono hainitii.

Yule mama akamtazama. Watu benchini walidhani atamwacha pale pale, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini karatasi ilikuwa na majina ya wote wawili, na kituo kilikuwa mbali.

— Funguo, alisema.

Wakaenda nyuma ya maduka, gari lilikofichwa. Mwalimu akaingia upande wake na kufunga mkanda, miguu akaiweka mbali na breki. Aliona kwamba kwa miaka kumi na tisa hajawahi kukaa kwenye kiti kile akiwa hana la kusema. Mwanafunzi wake akawasha gari. Akakamata kioo, akakirekebisha, akatazama nyuma hadi akaridhika mwenyewe, ndipo akaondoa gari.